Muulize Mwalimu wa Historia: Kusi, Kaskazi na Mji wa Melaka

Mwezi uliopita niliandika aya mbili tu kuhusu Melaka, bandari kongwe ya Malaysia niliyoitembelea mwaka 2016, binti yangu alipokuwa akisoma Kuala Lumpur. Barua zilizorudi ni nyingi kuliko nilivyotarajia. Nimechagua sita, na ukurasa wote wa leo nimeuachia mji huo na bahari yake. Waliouliza mengine wanivumilie hadi toleo lijalo.

Shikamoo Mwalimu. Nipo kidato cha nne. Kwenye mtihani wa majaribio niliandika kwamba Uislamu ulipelekwa Indonesia na jeshi la Waarabu, nikakosa. Lakini nchi yenye Waislamu zaidi ya milioni 200 iliwezaje kusilimu bila jeshi? — Msomaji, Kigoma

Marahaba, mwanangu. Alama umeikosa, lakini swali ulilouliza ni zuri kuliko mengi niliyoulizwa katika miaka 33 ya kusomesha. Hakuna jeshi la Waarabu lililovuka kwenda Sumatra wala Java. Zilizovuka ni merikebu za biashara, na kilichowafanya wenye merikebu wakae ni upepo.

Wewe ni mtu wa ziwa, basi nikueleze kama tulivyoelezwa sisi watoto wa pwani. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi; kusi hushika kuanzia Aprili hadi Septemba. Jahazi la Oman lilikuja kwetu na kaskazi, likarudi na kusi, na katikati nahodha hakuwa na la kufanya ila kungoja. Babu yangu pale Wete alikuwa akimpangisha chumba nahodha mmoja wa Sur. Alikuja msimu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Msimu wa nne akaposa dada yake babu. Mimi nilizaliwa nikiwakuta watoto wa ndoa ile ni wajomba na mashangazi zangu, na hakuna aliyewaita wageni.

Sasa itazame ramani. Melaka iko kwenye mlango-bahari mwembamba kati ya Sumatra na rasi ya Malay. Kaskazi iliteremsha merikebu za China. Kusi ilileta za Gujarat, Bengal na pwani ya Watamili. Wa upande mmoja wakifika, wa upande wa pili hawajafika au wanajiandaa kuondoka. Mtu mwenye nguo za Gujarat anayetaka hariri ya China na karafuu za Maluku alilazimika kukaa miezi. Akapanga nyumba, akapata ghala, akaoa. Mwenzake akifia safarini, mali igawiwe vipi? Akimkabidhi mtu mzigo auze kwa faida ya kugawana, nani anabeba hasara? Uislamu ulikuwa na majibu ya maswali hayo, na majibu yalikuwa yaleyale Aden, Khambhat na Kilwa. Mfanyabiashara wa Sumatra aliyesilimu alipata imani, na pamoja nayo akapata kadhi anayetambulika katika kila bandari. Siwezi kuipima imani ya mtu aliyekufa miaka 600 iliyopita, na sikubali kusema alisilimu kwa ajili ya faida tu. Ninachosema ni kwamba msikiti na soko vilikuwa mtaa mmoja.

Ushahidi upo. Marco Polo alipopita kaskazini mwa Sumatra mwaka 1292 aliwakuta watu wa mji wa Perlak wameshasilimu kwa sababu ya wafanyabiashara. Jirani yake, Samudra Pasai, kuna kaburi la Sultani Malik al-Salih la mwaka 1297. Halafu akaja Ibn Battuta, ambaye wewe na mimi tunamjua kwa sababu alifika Kilwa mwaka 1331 na kumsifu sultani wake kwa ukarimu. Miaka 14 hivi baadaye alikuwa Samudra, akamkuta sultani anayependa kujadiliana na wanazuoni na anayekwenda kwa miguu kwenye sala ya Ijumaa. Kilwa walikuwa Washafii. Samudra walikuwa Washafii. Kwenye mabara yaliyo kati ya ncha hizo mbili watu walifuata madhehebu mbalimbali, lakini ncha mbili za bahari zilifanana.

Melaka yenyewe ilianzishwa karibu na mwaka 1400 na Parameswara, mwana wa wafalme wa Palembang aliyefukuzwa kwao. Watawala wake walisilimu katika nusu ya kwanza ya karne ya 15, na kutoka hapo dini ikafuata njia za biashara hadi Java, Borneo na Maluku. Mji uliwekewa masyahbandar wanne, ndio wakuu wa bandari: mmoja wa Wagujarati peke yao kwa wingi wao, mmoja wa Bengal, Pegu, Pasai na Watamili, mmoja wa Java na visiwa vya mashariki, na mmoja wa China na jirani zake. Kila mgeni alijua mlango wa kubisha. Tomé Pires, mfamasia Mreno aliyeishi hapo muda mfupi baada ya mji kutekwa, aliandika kwamba lugha 84 zilisikika Melaka, na katika orodha yake ya wageni wamo watu wa Kilwa na Malindi. Niliposoma mstari ule mara ya kwanza nilikuwa mwanafunzi wa chuo, nikatoka nje ya maktaba nikakae kivulini kidogo. Watu wetu walifika kule.

Na dini ilipofika haikubomoa kila ilichokikuta. Kudus, Java, kuna msikiti wa mwaka 1549 ambao mnara wake ni wa matofali mekundu, umejengwa kwa umbo la mahekalu ya Kihindu ya kale. Wenyeji wa Kudus huchinja nyati badala ya ng'ombe, na wanasema ni agizo la mwalimu wao wa kwanza ili wasiwaudhi jirani zao Wahindu. Mwaka huu ukiulizwa tena, andika: wafanyabiashara, ndoa, wanazuoni, na wafalme walioona manufaa. Kisha eleza upepo.

Mwalimu, hapa kwetu watalii huambiwa kwamba Zheng He alichukua twiga Malindi akampeleka China. Ni kweli? — Msomaji, Malindi

Twiga ni kweli. Aliyempeleka ni nyinyi wenyewe. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika China na twiga, na watu wa kasri wakamwona kuwa ndiye qilin, mnyama wa heri anayetajwa katika vitabu vyao vya kale. Mwaka uliotangulia mfalme wa Bengal naye alikuwa ametuma twiga aliyetoka Afrika. Zheng He, amiri wa merikebu za mfalme wa China, ndiye aliyepewa kazi ya kuwarudisha wajumbe wa nchi mbalimbali makwao katika safari yake ya tano, iliyoanza mwaka 1417, na ndipo merikebu za China zilipofika pwani yetu.

Huyu Zheng He alizaliwa mwaka 1371 Yunnan katika nyumba ya Waislamu. Baba yake aliitwa Haji. Alitekwa utotoni, akahasiwa, akakulia katika utumishi wa mwana wa mfalme aliyekuja kuwa Mfalme Yongle. Kati ya 1405 na 1433 aliongoza safari saba, ya kwanza ikiwa na watu wapatao 27,000. Melaka ilikuwa kituo chake. Alijenga maghala yenye boma hapo, na ulinzi wa China ndio uliowafanya Wasiam, watu wa Thailand ya leo, wasiumeze mji ule ukiwa mchanga.

Lakini ukitaka kumjua, usimtazame twiga. Litazame jiwe la Galle. Mwaka 1911 mhandisi mmoja alilikuta Galle, Sri Lanka, limelazwa kifudifudi likifunika mtaro. Tarehe yake ni 1409. Lina maandishi ya lugha tatu. Kichina kinamshukuru Budha. Kitamili kinamshukuru mungu wa Wahindu aliyeabudiwa kusini mwa kisiwa. Kiajemi kinamshukuru Mwenyezi Mungu. Sadaka zinazotajwa ni za aina moja kwa wote: dhahabu, fedha, hariri, mafuta yenye manukato. Jiwe lilichongwa China kabla ya safari, maana yake kuna watu waliokaa Nanjing wakafikiri kwamba bahari ile ina wenye dini tatu, na kila mmoja asomewe kwa lugha yake.

Nalipenda jiwe lile, lakini sitaki ulipende kwa ujinga. Katika safari hiyohiyo Zheng He alipigana na mtawala wa Sri Lanka, akamteka na kumpeleka China pamoja na jamaa zake. Jiwe na vita vilibebwa na merikebu zilezile. Baada ya 1433 China iliacha safari hizo: gharama zilikuwa kubwa, hatari ya Wamongolia ilikuwa kaskazini, na wakubwa wa serikali hawakuona faida.

Je, Wareno waliopiga Kilwa ndio hao hao waliochukua Melaka? — Msomaji, Lindi

Ndiyo, na mara nyingine namaanisha watu walewale kwa majina yao. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliingia Kilwa, akaweka ngome iliyoitwa Santiago, kisha akaichoma Mombasa. Katika msafara wake alikuwemo kijana aliyeitwa Ferdinand Magellan. Afonso de Albuquerque alipita pwani yetu katika msafara wa Tristão da Cunha, uliopora na kuchoma Barawa mwaka 1507. Mwaka huo huo alikuwa Hormuz, mwaka 1510 akachukua Goa, na Agosti 1511 akaingia Melaka akiwa na merikebu zipatazo 18 na askari wapatao 1,200. Magellan alikuwepo.

Zipange bandari hizo kama punje za tasbihi. Hawakutaka mashamba wala nchi kavu. Walitaka milango. Pires aliandika kwamba mwenye Melaka ameishika Venice kooni, kwa sababu pilipili na karafuu zilizopita Melaka ndizo zilizokwenda Gujarat, Bahari ya Shamu, Aleksandria, na mwisho Venice.

Huko Melaka mawe ya misikiti na ya makaburi ya masultani yalitumika kujenga ngome waliyoiita A Famosa. Nimesimama mbele ya lango lake, ndilo pekee lililobaki. Jina lake ni Santiago, kama ngome ya Kilwa. Juu yake kuna nembo ya kampuni ya Waholanzi na mwaka 1670, maana nao waliuchukua mji mwaka 1641. Waingereza walipoupata wakaamuru ngome ivunjwe, lango likanusurika. Niligusa ukuta, nikahisi chembe za jiwe zikinibaki kidoleni. Niliwaza makaburi, nikasoma Fatiha.

Walichokitaka Wareno hawakukipata chote. Sultani Mahmud alikimbia, ukoo wake ukasimamisha dola ya Johor. Wafanyabiashara Waislamu walihamia Aceh, Sumatra, na Banten, Java, na ilipofika miaka ya 1560 pilipili ya Aceh ilikuwa ikifika Bahari ya Shamu bila kupita mikononi mwa Mreno. Aceh ikatuma wajumbe hadi Istanbul kuomba mizinga.

Kuna mtu mmoja ninayemfikiria zaidi kuliko Albuquerque. Baada ya mji kuanguka Magellan alimnunua kijana mtumwa pale Melaka, akambatiza Enrique, akaenda naye Ulaya, kisha kwenye safari ya kuzunguka dunia kwa upande wa magharibi. Machi 1521 walipofika Ufilipino, Enrique aliwaita kwa Kimalay watu waliokuwa kwenye mtumbwi, nao wakamwelewa. Mtumwa ndiye aliyejua kwamba wamefika, kwa sababu alisikia lugha ya biashara ya bahari yake. Magellan aliuawa Mactan mwezi uliofuata. Wosia wake ulisema Enrique aachwe huru, wenzake wakakataa.

Mwalimu, heshima yako. Mimi ni Mkatoliki, na makala yako yalinisikitisha. Uliandika kana kwamba Uislamu ulikwenda kwa biashara na Ukristo ukaenda kwa mizinga. Hiyo ni haki? — Msomaji, Songea

Ndugu yangu, barua yako nimeisoma mara tatu. Malalamiko yako ni ya haki, na aya zangu mbili zilikuwa fupi mno kwa jambo zito.

Upande wangu kwanza, kwa kuwa mimi ni Mwislamu na ni wajibu wangu kuanza nyumbani. Melaka ya masultani haikuuza nguo tu. Iliteka Pahang na sehemu za Sumatra. Demak, dola ya Kiislamu ya Java, ndiyo iliyoumaliza ufalme wa Kihindu na Kibudha wa Majapahit karibu na mwaka 1527. Mtawala wa Gowa, Sulawesi, alisilimu mwaka 1605, kisha akapiga vita falme za Wabugis hadi Bone ikakubali Uislamu mwaka 1611. Vile vita wenyeji wenyewe waliviita vita vya Uislamu. Wafalme ni wafalme.

Na Ukristo haukuwa mizinga peke yake. Francis Xavier, padri mmisionari wa Kijesuiti, alishuka Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, akamzika huko mmoja wa watu wa merikebu yake. Melaka alifika mwaka 1545, akatafuta watu wa kumsaidia kuzigeuza sala kwa Kimalay, akatembea mitaani na kengele akiwaita watoto. Hapo Melaka ndipo alipokutana mwaka 1547 na Mjapani aliyeitwa Anjirō, na kwa mazungumzo yao akaenda Japani mwaka 1549. Tena ni bandari, tena ni kungoja, watu wawili wakakutana. Ukipanda kilima cha Melaka utaikuta sanamu yake mbele ya kanisa lililobaki kuta, haina mkono wa kulia. Chini ufukweni kuna kijiji cha Wakristo wanaozungumza mpaka leo Kireno chao cha kale walichokichanganya na Kimalay. Kampuni ya Waholanzi iliwapiga marufuku mapadri wao, na imani yao ikabaki. Imani iliyobaki karibu miaka 400 baada ya mizinga kuondoka haikuwa ya mizinga.

Hata hivyo msimamo wangu mmoja siuachi. Siku ile ya 1511 mtu wa Melaka aliiona bendera, mzinga na msalaba vikishuka kutoka mtumbwi mmoja, na hakupewa nafasi ya kuvitenganisha. Hilo liliwaumiza waliotaka kumhubiria baadaye kuliko lilivyowasaidia, na Xavier mwenyewe katika barua zake alilalamika kuhusu mwenendo wa maofisa wa Kireno. Uhindu na Ubudha, kwa upande wao, vilikwishapita njia hiyo karne nyingi kabla yetu sote. Mtawa wa Kichina Yijing alisimama Palembang mwaka 671 akiwa njiani kwenda India, akajifunza Kisanskriti miezi sita, na akaandika kwamba mji una watawa zaidi ya 1,000. Sisi wawili, wewe na mimi, dini zetu zilikuta mlango umeshafunguliwa.

Bibi Mwalimu, karafuu za Pemba zina uhusiano wowote na visiwa hivyo unavyoviandika? — Msomaji, Chake Chake

Ah, mwanangu wa Pemba! Nilizaliwa chini ya mikarafuu. Msimu wa mavuno skuli ilifungwa, nasi watoto tulikaa kwenye majamvi usiku tukichambua, makonyo upande mmoja, karafuu upande mwingine, tukilipwa kwa pishi. Vidole vilinuka karafuu hadi Idi. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba mti ule ni mgeni.

Asili yake ni visiwa vidogo vya Maluku: Ternate, Tidore, Moti, Makian na Bacan. Kwa karne nyingi karafuu zote za dunia zilitoka pale. Waholanzi walipoingia walitaka ziwe za kwao peke yao. Mwaka 1621 gavana wao Jan Pieterszoon Coen alivamia visiwa vya Banda, penye kungumanga na basibasi, na kati ya watu wapatao 15,000 wakabaki kama 1,000. Kwenye karafuu walitumia njia nyingine: mwaka 1652 walimfanya sultani wa Ternate akubali, kwa malipo ya kila mwaka, mikarafuu ikatwe. Wakachagua Ambon na visiwa vya jirani, kwingine kote mti ukionekana ulikatwa, na wanavijiji walilazimishwa kupiga makasia ya mitumbwi ya vita iliyokwenda kuikata. Nawaza mzee aliyepanda mkarafuu mwanawe alipozaliwa, kisha akalazimishwa kupiga makasia kwenda kuukata wa jirani yake.

Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kupata miche kwa siri na kuipeleka Mauritius, na mwanzoni mwa karne ya 19 mikarafuu ikafika Unguja. Sayyid Said aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Tufani ya mwaka 1872 ikaiangusha mingi ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo shamba kuu. Na usisahau nani aliyepanda na kuchuma: watumwa waliotolewa bara, wa Nyasa, wa Wayao, wa Wazaramo. Utumwa ulipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897. Katika ukoo wangu wamo waliomiliki na wamo waliomilikiwa, na wote walinuka karafuu ileile.

Katika karne ya 20 mteja wetu mkubwa alikuwa Indonesia. Watu wake walikuwa wameanza kuvuta sigara za kretek zenye karafuu ndani, na karafuu zao hazikuwatosha. Mti uliotoka Maluku ulirudi kwao ukiwa magunia, ukitokea Wete na Mkoani. Kuanzia miaka ya 1980 walipanda wakajitosheleza, na bei ikatuangukia. Mama yangu aliuza bangili zake mwaka mmoja kati ya hiyo.

Mwalimu, uliandika kwamba Melaka ulisikia neno "gereza" kanisani. Hukufafanua. — Msomaji, Mombasa

Nilikatwa na nafasi. Sasa nafasi ninayo.

Tulipanda basi asubuhi kutoka Kuala Lumpur, safari ya saa mbili. Binti yangu alikuwa amejifunza Kimalay cha sokoni. Kwanza alinipeleka mtaa ambao ndani ya mwendo wa dakika chache una hekalu la Kichina la Cheng Hoon Teng, lililoanzishwa karne ya 17, msikiti wa Kampung Kling wa mwaka 1748, na hekalu la Wahindu la mwaka 1781. Niliswali adhuhuri pale msikitini. Mnara wake unafanana na pagoda, paa lake limepandana ngazi kama la nyumba za Java. Imamu alisoma kwa lafudhi niliyoizoea tangu chuoni kwa maalimu wetu Wete.

Tukavuka mto. Mbele ya jengo jekundu la Waholanzi, la mwaka 1753, mzee mmoja muuza maji ya nazi alituona tunaduwaa, akanyoosha kidole akasema, "Gereja." Nilimwambia binti yangu, masikini, wamefungwa watu humu? Akasema, "Mama, gereja ni kanisa."

Nikakaa kwenye benchi. Kireno husema igreja. Wamalay walilichukua wakalifanya gereja, na kwao ni nyumba ya ibada. Sisi tulilichukua tukalifanya gereza. Kanisa la Wareno Mombasa lilikuwa ndani ya Fort Jesus, waliyoanza kuijenga mwaka 1593. Ngome ikaitwa kwa jina la kanisa lililomo, na ngome ndipo palipofungiwa watu. Hata ngome ya Kilwa Kisiwani wenyeji wanaiita Gereza. Waingereza walipoifanya Fort Jesus kuwa jela mwaka 1895, neno lilikuwa limeshawatangulia. Mji mmoja ulisikia neno lile ukaona altare, mwingine ukaona minyororo.

Yule mzee alipoona nimenyamaza akanipa dafu bila kudai pesa, akakaa nasi. Tukaanza mchezo. Mimi nasema neno, binti anauliza kwa Kimalay, mzee anajibu. Bendera? Bendera. Meza? Meja. Nanasi? Nanas. Padri? Paderi. Hayo yamepita kwa Wareno. Kisha nikajaribu yaliyotangulia: nahodha, akasema nakhoda. Msimu, akasema musim. Dunia, dunia. Habari, khabar. Bandari, akasema bandar, akaonyesha kwa mkono mji wote uliotuzunguka.

Binti aliyaandika maneno hayo nyuma ya tiketi ya basi, safu mbili, ya kwetu na ya kwao. Tiketi ipo hapa Tanga ndani ya kamusi yangu, penye herufi G.